Maji Aliyonawia Kaka

Tak. Kimya. Tak.

Hivyo ndivyo asubuhi zilivyoniingia kila nilipolala kwa mama pale Umoja, kabla sijafumbua macho: kijiwe kikidondoka ndani ya mkebe wa bati. Halafu kimya kirefu, hata ungedhani mtu amesinzia, kisha kingine. Bila kuinua kichwa nilijua kaka yangu yuko kwenye kigoda karibu na dirisha, sinia la maharagwe mapajani, anachambua.

Mama yetu huuza maharagwe na githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Aliyekulia Eastlands, mitaa hii ya mashariki ya Nairobi, anaijua biashara hii: sufuria kubwa juu ya jiko la makaa kando ya geti, na jioni watu wakitoka kazini wanakuja na bakuli zao, kwa sababu hakuna mwenye gesi ya kupoteza kwa kuchemsha maharagwe saa tatu nzima. Kwenye barabara yetu peke yake wako akina mama wanne wanaofanya kazi hiyo. Mwenye foleni alikuwa mama yetu, na sababu ya foleni ilikuwa kaka. Kwenye maharagwe ya mama hukuwahi kutafuna jiwe.

Sijaona mtu mwingine akichambua kama yeye. Mimi na mama hutandaza sinia zima na kupitisha macho juu juu, kutoka kushoto kwenda kulia, mkono ukifuata. Yeye alianzia pembeni, mahali padogo kama kiganja cha mtoto, akatulia hapo. Macho hayakuhama. Angeweza kukaa dakika nzima na maharagwe kumi. Akishamalizana nayo ndipo anasogea. Ungemwuliza sinia lina maharagwe ya aina gani, pengine asijue. Ungemwuliza lile lililotobolewa na mdudu liko wapi, angekuonyesha kwa kidole bila kutafuta.

Kaka ana skizofrenia. Nyumbani kwetu neno hilo halitamkwi. Mama husema "ugonjwa wake", wajomba husema "ile hali", na kanisani walisema mambo mengine. Ugonjwa ulimpata akiwa na miaka ishirini na miwili, akisomea umeme kwenye chuo cha ufundi, wakati baba bado ni karani wa reli na bado yuko hai. Zilikuja sauti. Zikaja siku za kukataa chakula kwa sababu kimetiwa kitu. Ikaja kliniki, zikaja dawa zilizomtoa mate, mwishowe ikaja sindano ya kila mwezi iliyozinyamazisha sauti, na sisi tukaona tumepona. Nasema sisi, kwa sababu hakuna aliyemwuliza yeye.

Kilichobaki baada ya sauti hakuna aliyetueleza. Kilikuwa macho.

Hakuwa akimtazama mtu. Ulipoongea naye alitazama kola ya shati lako, au kifungo, au mahali ukuta unapokutana na dari. Mchungaji alimshika kidevu mbele ya watu, akageuza uso wake kwa nguvu na kumwambia, nitazame mimi, nikuone wewe ni nani. Kaka akatazama kipaza sauti. Waumini wakaguna. Shangazi zetu walisema ana kiburi. Baba, ambaye maisha yake yote aliheshimiwa na makuli na wakubwa wa reli kwa sababu alijua kumtazama mtu moja kwa moja, alikufa akiamini mwanawe wa kwanza anamdharau. Nilikuwa kando ya kitanda. Baba alisema, "Mwambie aniangalie tu," na kaka, ambaye alikuwa ameshika mkono wa baba kwa mikono yake miwili, alikuwa anaitazama ile plasta iliyoshikilia mpira wa dripu. Aliitazama mpaka mwisho. Baadaye aliniambia plasta ilikuwa imeanza kubanduka upande mmoja na alikuwa anailinda.

Miaka tisa tulimwona mwenye kiburi. Nataka hilo likae hapa jinsi lilivyo.

Mwaka jana nilimpeleka kliniki kwa sindano yake, na tukamkuta daktari kijana, mwanamke, bado yuko masomoni, mwenye kompyuta ndogo na kifaa kilichowekwa chini ya kioo. Alikuwa akiwaonyesha wagonjwa picha, na kifaa kile kiliona macho yao yanatua wapi. Akamwonyesha kaka picha ya watu wanaokula mezani: mama, baba, watoto watatu, sufuria inatoa moshi. Kisha akaniketisha na mimi. Kisha akatuonyesha picha ile mara mbili, yangu na yake, ikiwa imejaa vitone, kila kimoja mahali jicho lilipotua.

Vyangu vilitapakaa kila mahali, lakini vilirudi na kurudi kwenye nyuso, kama nzi. Vyake vilikuwa sehemu nne. Mshikio wa kikombe. Pindo la pazia. Kiatu cha mtoto chini ya meza. Na rundo kubwa, vitone juu ya vitone, kwenye pengo lililokuwa kati ya sahani mbili. Kwenye nyuso hakukuwa na kitu, isipokuwa kimoja kilichotua kwenye sikio la yule baba.

"Wengi wenye ugonjwa huu huwa hivi," daktari alisema. "Si wote, na si sawa kwa wote. Mimi na wewe tukiona picha macho yanarukaruka, yanakusanya huku na huku. Ya kwao huchagua mahali pachache, yanakaa. Nyuso zinaachwa. Halafu kuunganisha zile sehemu ziwe kitu kimoja, watu wanaokula, kunakuwa kazi ngumu."

"Kwa hiyo si makusudi."

"Wewe ukiangalia mtu usoni, unafanya makusudi?"

Hasira ilinipanda kutoka miguuni. Nikamwuliza kwa nini tumekuja hapa miaka tisa, kila mwezi, tukikaa kwenye benchi lile tangu saa kumi na mbili asubuhi, na hakuna aliyewahi kutuambia. Daktari hakukasirika. Aliangalia faili la kaka, nene kama tofali.

"Mliulizwa sauti," alisema. "Hakuna aliyewauliza macho."

Kaka alikuwa akitazama kalamu ya daktari. Nikauliza kama mtu anaweza kufundishwa kutazama nyuso. Daktari akasema wako wanaosaidiwa na mazoezi, lakini ni jambo la polepole, turudi pamoja na mama tulizungumze vizuri, na watu anaoishi nao waelezwe kwanza. Alisema hayo yote, kwa utaratibu huo. Nilichosikia mimi ni kwamba anaweza kufundishwa.

Jioni ile ile nilimkalisha kwenye kochi.

"Niangalie."

"Nakuangalia."

"Unaangalia hereni."

"Si hereni ni yako?"

Nilicheka, naye akacheka, na ni kicheko hicho ndicho kilichonidanganya kwamba nafanya jambo jema. Nikamtengenezea wimbo mdogo. Jicho, jicho, mdomo. Unatua jicho moja, unakwenda la pili, unashuka mdomoni, kisha unaondoka. Alifanya kwa bidii ya mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi mzuri. Jasho lilimtoka kwenye paji. Mama alipita na sufuria akasema, "Muache mtoto wa watu, utamchosha," na mtoto wa watu alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Nikarudi mtaa wa Fedha, ninakopanga chumba, nikaendelea na shughuli zangu. Kila nikipiga simu nilimwuliza anaendeleaje na mazoezi, naye alisema vizuri. Alilalamika jambo moja tu: watu wazima hawatulii. Ukianza jicho la kwanza, wanageuka.

Mtoto hageuki.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na msichana wa miaka minne hivi, aliyetumwa kila jioni na bakuli la plastiki. Ploti zetu za Umoja zimejengwa nje na juu kila mtu alivyoweza, vyumba vimesogea mpaka vinagusana, na mtoto anaweza kutoka kwao mpaka kwa jiko la mama bila kuvuka barabara. Alikuwa anasimama mbele ya kaka akisubiri mama apakue. Kaka akamwangalia. Na yeye akamwangalia kaka. Mama ananiambia walikuwa wakisema pamoja, wawili hao, jicho, jicho, mdomo, na mtoto alikuwa akicheka na kujigusa uso. Mama aliona ni jambo zuri. Kwa mara ya kwanza tangu augue, mwanawe alikuwa na rafiki.

Lakini sehemu ya mwisho ya wimbo, ile ya kuondoka, sikumfundisha vya kutosha. Mahali macho yake yanapotua ndipo yanapokaa.

Jumamosi moja mama wa mtoto alikuja mwenyewe kumfuata. Anafanya kazi kiwanda cha nguo, anasimama kutwa, na hakuwa mtu mbaya kwetu. Alimkuta kaka amemkazia mwanawe macho, kimya, bila kupepesa, uso kwa uso. Alichukua bakuli, akamshika mtoto mkono. "Mbona unamwangalia hivyo?" aliuliza. Kaka, kama alivyofundishwa, aligeuza macho yake kutoka kwa mtoto, akayaweka kwenye macho ya mama huyo, na kuyaacha hapo.

Usiku ule mtoto alitapika na kuharisha.

Nilikuja Jumapili kula chakula cha mchana na mama. Tulikuwa tumeketi wakati walipobisha: mama wa mtoto, nyanya yake aliyekuwa amekuja kuwatembelea kutoka magharibi, na wanawake wawili wa ushirika wa kanisa wa nyumba kwa nyumba, wakiwa bado na leso za kanisa kichwani. Walikuwa wapole. Upole huo bado sijausamehe. Walisalimia, wakauliza habari za kazi yangu, wakakubali chai. Nyanya alizungumza na mama yetu kwa lugha yao, wakagundua wanatoka upande mmoja wa mto, wakacheka kidogo kuhusu chifu fulani. Kisha nyanya akaweka kikombe chini na kurudi kwenye Kiswahili ili sote tusikie.

"Mama, hatujaja kwa ubaya. Mtoto ana tumbo. Na wewe unajua haya mambo, wewe si wa kuambiwa. Kijana wako ana jicho."

Niliokuwa nao pale mezani wote walijua maana yake, hata mimi niliyezaliwa Nairobi. Huko kwa wazee wetu kuna mtu ambaye akimtazama mtoto anayekula, chakula kinakataa tumboni. Si lazima atake. Anazaliwa nalo. Na dawa iko kwa mwenyewe: anawe uso kwenye beseni, na maji yale mtoto apakwe tumboni.

"Mmempeleka hospitali?" niliuliza.

"Tumetoka huko asubuhi," mama wa mtoto alisema.

"Wamesema nini?"

"Wamesema ni maji machafu. Wametupa dawa."

Wiki ile mifereji ilikuwa imekauka na ploti nzima ilikuwa inakunywa maji ya mkokoteni. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nimelala hapo Alhamisi, nilikuwa nimehara Ijumaa.

"Basi dawa si mnayo."

"Dawa ya hospitali ni ya hospitali," mmoja wa wale wa ushirika alisema, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto, "na hii ni ya hii."

Hapo ningenyamaza. Ningesema kaka anaumwa, mtoto anaumwa, tuombe, chai imepoa, kwaheri. Badala yake nilisimama. Niliwaeleza kliniki, kompyuta, vitone. Niliwaambia kuna watu ambao macho yao hayatembei kama yetu, yanachagua mahali na kukaa, na hawawezi kuyazuia, na kwamba miaka yote aliyokuwa hawatazami usoni si kiburi, na sasa anapowatazama si ubaya, ni mimi nimemfundisha. Niliongea vizuri. Nimezoea kuongea mbele ya watu wanaopenda maneno. Nilipomaliza, nyanya alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole, na kwa sekunde moja nilidhani nimemfikia.

"Kwa hiyo hata hospitali wameliona," alisema.

"La, si hivyo, nyanya."

"Binti, umesema mwenyewe. Macho yake si kama ya watu. Yakikukamata hayakuachi, na hawezi kuyazuia. Mashine imeonyesha." Alimgeukia mama yangu. "Binti yako huyu amesoma, amekwambia ukweli. Tunasumbuana nini?"

Nilimtazama mama. Nilitaka asimame. Yeye ndiye aliyemzaa, yeye ndiye aliyekaa kwenye benchi la kliniki miaka tisa, yeye anajua mwanawe hajawahi kumdhuru hata kuku. Mama alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa cha meza. Kisha akaenda jikoni, nikasikia maji yakimiminwa, akarudi na beseni la bluu tunalofulia.

"Ni maji tu," aliniambia bila kuniangalia. "Wakiondoka na maji, wameondoka na maneno."

"Mama, ukimpa maji umekubali."

"Ni maji tu."

Aliliweka beseni kwenye kigoda mbele ya kaka, ambaye wakati wote huu alikuwa kwenye kona yake ya kochi. "Nawa uso, baba," alisema. Kaka alinawa. Alifanya kama anavyofanya kila kitu anachoambiwa na mama, kwa utaratibu, nyuma ya masikio, chini ya kidevu. Maji yalimtiririka kwenye shati. Nyanya aliinama na chupa ya soda tupu, akachota.

"Nimefanya nini?" kaka aliuliza.

Akanionyesha kwa kidole kilicholowa.

"Nilikuwa natazama vizuri. Kama alivyosema."

Watu wote waligeuka kunitazama, macho ya kawaida, macho yenye afya, yanayojua kupita na kuondoka. Sijawahi kuyachukia macho ya watu kama siku ile.

Mtoto alipona kufikia Jumanne. Alikuwa amemeza dawa ya hospitali siku mbili, na amekunywa maji yaliyochemshwa, lakini hayo hayakuwa habari. Habari ilikuwa chupa ya soda. Kufikia Jumatano ploti yetu ilijua, kufikia Ijumaa barabara ilijua. Wangeshuku tu, tungekuwa na la kujibu. Lakini mama alikuwa ametoa dawa, na mtu hatoi dawa ya ugonjwa ambao si wake. Kwa mikono yake na kwa beseni lake alikuwa ametia sahihi.

Vijana wanaokaa getini ndio walioanza mzaha, kwa Sheng yao, ambamo kucheki ni kutazama, pepa ni mtihani na chapo ni chapati.

"Niaje, buda. Usinicheki leo, nina pepa kesho."

"Funika hiyo chapo, jamaa anatokea."

"Acheni ujinga nyinyi. Buda, hebu mcheki landlord wetu, mkazie kabisa, dakika tano."

Walicheka, na naamini hakukuwa na chuki ndani yake. Kaka hata alitabasamu. Wale ambao hawakufanya mzaha ndio walioniumiza. Wanawake walivuta leso juu ya nyuso za watoto wachanga walipopita kwenye jiko la mama. Mwanamume mmoja anayesoma somo kanisani alivuka barabara na bakuli lake tupu. Bakuli zilihamia kwa mama wa pili, halafu wa tatu. Mtu mmoja alimwuliza mama, kwa adabu kubwa, kama bado ni yule kijana anayechambua. Mama akasema ndiyo. Yule mtu akasema ah, sawa, nitapita kesho.

Watu hawa hawa walikuwa wamekula miaka mingi kutoka mikononi mwake. Macho yale yaliyowalindia meno yao, yanayokaa mahali pamoja mpaka jiwe la mwisho litoke, ndiyo hayo hayo. Hakuna aliyeuliza yanatoka wapi wakati yalipokuwa yanawafaa.

Maharagwe yalilala, yakachacha. Mama alimwambia kaka akae ndani mchana. Kisha akamwambia akae chumba cha nyuma. Nilipofika wiki ya tatu nilikuta mapazia yamefungwa saa nane mchana na mama akiongea kwa simu na baba mdogo, ndugu wa baba yetu, anayeishi kijijini. Nilielewa kabla hajakata.

"Anakwenda kwa muda," alisema.

"Sindano atadungwa wapi?"

"Kuna dispensari."

"Hiyo dispensari iliwahi kuwa na dawa gani? Mama, akikosa sindano miezi miwili sauti zitarudi. Unakumbuka zilivyokuwa? Unakumbuka alivyolala chini ya kitanda wiki nzima?"

"Nakumbuka. Nilikuwa nalala naye huko chini."

"Basi simama nje useme. Nenda kwa yule mwanamke umwambie ulikosea."

Mama aliweka simu juu ya meza. Ana mikono yenye makovu madogo ya mvuke, mengi kama alama za ndui.

"Wewe unaandika vitabu," alisema. "Mimi nauza maharagwe. Watu wako wakikukasirikia wanafunga kitabu. Wangu wanakuja na mawe."

"Hawawezi."

"Unajua walichomfanyia yule waliyemwita mwizi wa simu, pale kwenye kona? Wewe ulikuwa Fedha. Mimi nilikuwa nauza."

Nikasema basi aje kwangu. Nilisema haraka, kwa sauti kubwa, na hata nikisema nilisikia namna maneno yalivyokuwa mepesi. Nina chumba kimoja. Natoka asubuhi, narudi jioni.

"Ukitoka utamfungia ndani kwa kufuli?" mama aliuliza. Hakuwa anabishana. Alikuwa anataka kujua. "Au utamwacha azunguke, atazame watoto wa huko?"

Nimeandika majibu ya swali hilo mara nyingi tangu siku ile, marefu, yenye kumshinda mama kwa kila hoja, na yote yamekuja baada ya wakati wake. Siku ile nilinyamaza, na katika kunyamaza kwangu safari ikawa imepangwa.

Nina hasira na nyanya yule na chupa yake. Nina hasira na ushirika, uliokuja kunywa chai yetu na kutuletea hukumu. Nina hasira na kliniki iliyomwona kaka kama masikio tu kwa miaka tisa. Nina hasira na mama, na najua sina haki nayo, na bado ninayo. Lakini ile ninayoamka nayo ni ya kwangu mimi, niliyetaka afanane na wengine upesi, kwa sababu nilichoka kuomba radhi kwa niaba yake. Hakuwa amelalamika. Alikuwa na sinia lake, dirisha lake, kazi anayoijua kuliko mtu yeyote kwenye ile barabara. Mimi ndiye niliyemwinua kichwa.

Baba mdogo alikuja Alhamisi, mapema, akiwa na kofia mkononi na ndoo ya mahindi mabichi. Ni mtu mwema. Alimwita kaka "mzee" na kumwambia kuna ng'ombe wawili wanamngoja, mmoja ana tabia mbaya. Mama alikuwa amefunga nguo za kaka kwenye begi lake la zamani la chuo. Alikuwa amempigia pasi hata soksi.

Kaka nilimwuliza mimi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwuliza. Nilipiga magoti mbele yake.

"Unataka kwenda?"

Alitazama bega langu, mshono wa blauzi. Hakunitazama usoni. Alikuwa ameacha kabisa, na kitu ndani yangu kilifarijika kwa hilo, na nikajichukia.

"Nataka kukaa," alisema.

Baba mdogo aligeuza kofia yake.

"Mama, nitaangalia chini tu," kaka alisema. "Siku zote. Nitaangalia chini, hata mtu akiniita."

Mama alikwenda akamfunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja, kuanzia chini, kama anavyofungwa mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika cha juu alikaa nacho muda mrefu.

"Utarudi Krismasi," alisema.

"Krismasi ni miezi mingapi?"

"Si mingi."

"Na sindano?"

"Baba mdogo ameandikiwa kwenye karatasi."

Nilisema, "Mama," mara moja tu. Aliinua mkono wake, kiganja kikinielekea, bila kugeuka, na nikaacha. Baba mdogo akachukua begi. Akasema twende, mzee, tusipate jua njiani. Kaka alisimama, akavaa kofia ya sufu aliyopewa, akaivuta chini mpaka ikafunika nyusi. Nje kulikuwa na watu wanaoteka maji, na wawili wao walisimama kuangalia. Kaka alitoka akiwa ameinamisha kichwa, akihesabu hatua zake mwenyewe juu ya saruji, na baba mdogo amemshika kiwiko.

Hawakuwa wamefika getini mama alipousukuma mlango ukafungwa, akapiga komeo.